Pale Maji Yanapogusa Jiwe

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uchoraji na wa kompyuta mliokubali kukaa katika chumba kimoja jioni ya leo:

Nimeombwa nieleze namna ya kutengeneza kwa kompyuta mandhari yenye maji, nyasi na mawe, ambayo mtazamaji ataiamini kana kwamba imepigwa kwa kamera. Somo hili ni pana, na mtu anaweza kulizunguka usiku kucha bila kutua, kwa hiyo nimeona nishike picha moja tu, ile ambayo dosari zake zote nazijua kwa sababu ni zangu mwenyewe. Ni picha ya ufuko mdogo wa Ziwa Victoria hapa hapa Mwanza: majabali matatu yaliyoegemeana, ukanda wa nyasi ulioliwa na mbuzi, na maji yanayoanzia karibu na miguu ya mtazamaji hadi upeo wa macho. Nimeitengeneza kwa Blender, programu ambayo tangu mwaka 2002 msimbo wake umekuwa wazi kwa kila mtu, na ambayo haimgharimu mwanafunzi chochote isipokuwa bando la kuipakulia.

Toleo la kwanza la picha hiyo lilinichukua miezi mitatu, na lilikuwa baya. Kila kitu kilikuwemo: mawe yalikuwa na nyufa, maji yalimeta, nyasi zilipepea. Lakini mawe yale yalikaa juu ya ardhi kama maandazi juu ya sinia. Ungeweza kuyainua moja moja na kuyahamishia kwingine, na ardhi isijue kwamba palikuwa na kitu pale. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo. Katika mandhari ya kweli vitu vimetendeana kwa muda mrefu: jiwe limeyaelekeza maji, maji yameacha alama juu ya jiwe, na nyasi zimeota pale tu ambapo hao wawili waliziruhusu. Ukitengeneza vitu vitatu vizuri kisha ukavipanga pamoja, umefungua duka la vitu vitatu. Kazi yenyewe iko kwenye mistari vinapokutana.

Fani hii ilianza na milima kabla ya kufika kwenye nyasi. Mwaka 1967 mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliuliza, katika jarida la Science, swali linaloonekana la kitoto: pwani ya kisiwa cha Uingereza ina urefu gani? Jibu lake lilikuwa kwamba inategemea urefu wa fimbo unayopimia, kwa kuwa kila unapotumia fimbo fupi zaidi unakuta vighuba ndani ya ghuba, na hesabu inazidi kupanda. Maumbo ya namna hiyo, ambayo kipande chake kidogo kinafanana na kizima, baadaye aliyaita fraktali. Mwaka 1980 Loren Carpenter, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, alionyesha kwenye SIGGRAPH, mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta, filamu ya dakika mbili inayoruka juu ya milima ambayo hakuna mkono ulioichonga. Kanuni yake ningeweza kuieleza kwa chaki: chukua pembetatu, igawe katikati ya kila upande, sogeza kila nukta mpya juu au chini kwa kubahatisha, kisha urudie jambo hilo hilo kwa pembetatu ndogo zilizozaliwa, ukipunguza msogeo kila mara. Miaka mitano baadaye Ken Perlin akachapisha kanuni ya noizi, yaani namba za kubahatisha zinazobadilika taratibu kama mawingu badala ya kurukaruka, na hadi leo ni nadra kukuta kitu kilichotengenezwa kwa kompyuta ambacho hakikupakwa noizi mahali fulani.

Mimi nilijifunzia humo, na humo ndimo nilimopotelea. Mlima wa fraktali peke yake una kasoro ambayo ukishaiona hutaisahau: ukiupindua juu chini, unabaki mlima uleule, kwa maana mabonde yake ni vilele vilivyogeuzwa. Ardhi ya kweli haipinduki hivyo, kwa sababu maji hushuka na hayapandi; vilele hubaki vikali, na udongo uliong'olewa huko hulala mabondeni na kuyasawazisha. Ndiyo maana mwaka 1989 Ken Musgrave na wenzake wawili, Craig Kolb na Robert Mace, waliongeza mmomonyoko: kompyuta hunyesha mvua ya kihesabu, maji hayo huteremka, hubeba udongo penye mteremko mkali na kuutua palipotulia. Mkifungua programu yoyote ya kutengeneza ardhi, nawasihi mfike kwenye kitufe cha mmomonyoko kabla ya kufika kwenye cha rangi.

Mtu atauliza kwa nini tusichukue vipimo vya ardhi halisi tukamaliza. Vipo, na ni vya bure. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada, kwa muda wa siku 11, sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na leo unaweza kupakua vimo vya Mwanza yote, kipimo kimoja kwa kila mita 30. Lakini mita 30 ni pana kuliko majabali yangu matatu yakiwekwa pamoja, na ramani hiyo haina habari kwamba yapo. Itakupa vilima vya nyuma; mawe ni juu yako. Nigusie na mtego mmoja, maana nimeona vijana wakihangaika nao kwa siku kadhaa: ramani ya vimo, yaani picha ambayo mwangaza wa kila nukta ni kimo chake, ikihifadhiwa kama picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kutoka chini hadi juu. Uingize Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 katika ngazi hizo, na kila ngazi itakuwa na takriban mita 23. Mlima unatoka na matuta kama shamba la mlimani. Hifadhini kwa biti 16, ambako ngazi ni 65,536 na hakuna inayofika sentimita 10.

Sasa mawe, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa kuwa hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Njia ya mkato inayofundishwa kila mahali ni kuchukua tufe, kulipaka noizi na kulivimbisha. Kinachotoka ni kiazi. Ukikipaka rangi ya kijivu kinakuwa kiazi cha kijivu, na ukiongeza noizi zaidi kinakuwa kiazi kilichooza. Nilikuwa na viazi hamsini na saba kwenye faili langu kabla sijakubali kwenda ziwani na kuketi mbele ya jabali halisi, bila kamera, kwa asubuhi nzima.

Jabali la Mwanza halikuanza likiwa duara. Ni granaiti iliyoganda chini kabisa ya ardhi katika enzi za kale mno, ikapasuka kwa nyufa ndefu zinazokatana, nazo zikaigawa katika matofali makubwa. Maji ya mvua yalipenya katika nyufa hizo, yakaanza kuuozesha mwamba ungali umefunikwa na udongo. Pembe ya tofali hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo pembe huisha kwanza, kingo zikafuata, na tofali likageuka tufe likiwa bado mahali pake. Baadaye mvua iliuosha udongo, na mawe yakabaki yamebebana kama tunavyoyaona, pamoja na lile Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha kando ya ziwa huku akijiuliza ni nani aliyelipandisha. Hakuna aliyelipandisha. Kilichokuwa kimelizunguka ndicho kilichoondoka.

Nilipoelewa hivyo nilivifuta viazi vyote. Nilianza na bonge moja la mraba, nikalikata kwa nyufa mbili, moja ya wima na moja iliyolala, kisha nikaamuru programu imomonyoe kila sehemu kwa kadiri ya ukali wa pembe yake. Mawe matatu yaliyotoka yalikuwa ndugu wa tumbo moja: mgongo wa hili ulilingana na kifua cha lile, na mstari wa ufa uliendelea kutoka jiwe moja hadi jingine kama mshono. Hapo ndipo nilipoleta noizi, na kwa kipimo, kwa ajili ya chembe za granaiti na yale maganda yanayobanduka kama ya kitunguu. Rangi nayo niliipa sababu. Michirizi myeusi niliiweka pale tu ambapo maji ya mvua yangeshukia, na hilo kompyuta inaweza kulihesabu yenyewe ikishajua mteremko wa kila uso. Kwenye kilele cha jabali lililo majini nilimwaga rangi nyeupe, kwa sababu mnandi hukaa pale wakikausha mbawa zao, na ndege hawana choo kingine. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba weupe ule unaharibu picha. Nimeuacha.

Maji ni rahisi zaidi kuliko sifa zake, mradi usiyapake rangi ya buluu. Yaondolee rangi kabisa, ipe programu namba 1.33, ambayo ndiyo kiasi maji yanavyoupinda mwanga, nayo itaendelea. Ukisimama kwenye jiwe na kutazama chini wima, uso wa maji hukurudishia asilimia 2 tu ya mwanga wa anga, ndiyo maana unaona kokoto. Ukitazama kwa nyuzi 60 kutoka wima, asilimia hiyo inafika 6. Kwa nyuzi 80 ni yapata theluthi, na kuanzia hapo inapanda kwa kasi hadi maji ya mbali yanakuwa kioo kitupu. Sheria hiyo ina jina la Mfaransa Augustin-Jean Fresnel wa karne ya 19, na mwaka 1994 Christophe Schlick aliifupisha kuwa hesabu nyepesi ambayo michezo mingi ya kompyuta huitumia hadi leo. Maana yake kwa mchoraji ni kwamba maji yale yale yanakuwa dirisha miguuni pako na anga huko mbele, na kati ya hapo pana eneo ambalo ni vyote viwili. Picha ikikosa eneo hilo la katikati, mtazamaji hatajua kilichokosekana, lakini hataamini.

Kinachobaki ni kile kilichomo ndani ya maji. Maji hula mwanga mwekundu kwanza, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo rangi za joto zinavyopotea. Zaidi ya hapo, maji ya ghuba ya Mwanza yana mwani mwingi mdogo mdogo unaoyapa ukijani na kuyazuia macho yasipenye mbali. Niliwahi kuonyeshwa picha ya Ziwa Victoria yenye maji ya Nungwi kule Zanzibar, maangavu hadi mchangani. Ilikuwa picha safi sana, ila ziwa halikuwemo.

Kuhusu mawimbi, tunalo deni kwa watu wa nyakati zinazopishana karibu karne mbili. Franz Josef Gerstner, akiwa Prague mwaka 1802, alionyesha kwamba kila chembe ya maji katika wimbi huzunguka duara na kurudi pale ilipoanzia, na kwa sababu hiyo migongo ya mawimbi huchongoka na mabonde yake hupanuka. Mwaka 1986 Alain Fournier na Bill Reeves waliitumia hesabu ya namna hiyo kwa picha za kompyuta. Jerry Tessendorf naye alieneza, mwishoni mwa miaka ya 1990, njia ya kujumlisha maelfu ya mawimbi kwa mara moja kufuatana na takwimu za upepo na bahari, na kifaa cha bahari kilichomo ndani ya Blender kinafuata njia hiyo. Mimi nawaomba mshike jambo moja tu hapa. Penye kina kirefu, wimbi refu hukimbia kuliko fupi: lenye urefu wa mita 1 huenda takriban mita 1.25 kwa sekunde, lenye mita 10 huenda karibu mita 4. Anayeyapa yote mwendo mmoja anapata maji ya karai hata akiyatandaza kilomita mia. Na ziwa ndani ya ghuba si bahari, kwani upepo haupati nafasi ndefu ya kuyakuza mawimbi; yawe mafupi, yaliyosongamana.

Nimefika kwenye mstari wenyewe, pale maji yanapogusa jiwe. Toleo langu la kwanza lilikuwa na mkato safi kama wa kisu: juu jiwe, chini maji. Nendeni mkaangalie. Kwanza kuna ukanda wa kijani unaoteleza, ule ambao haukauki kamwe. Juu yake kuna ukanda wa jiwe lililoloa, mweusi na unaong'aa, wenye kimo cha mawimbi ya siku hiyo, unaopanda zaidi ndani ya nyufa kuliko kwenye tumbo la jiwe. Juu zaidi jiwe ni kavu na limefifia, na hapo mnaweza kukuta mstari hafifu wa kimo ambacho ziwa lilifikia zamani; mwaka 2020 maji yalipanda sana, na alama kama hizo ni kumbukumbu. Kwa nini jiwe lililoloa ni jeusi? Kwa sababu mwanga unaotoka kwenye jiwe hugonga ule utando wa maji kwa ndani, sehemu yake ikarudishwa tena kwenye jiwe, na kila unaporudi jiwe hula kidogo. Anders Ångström alilieleza hilo mwaka 1925. Katika programu ni mambo mawili tu: punguza mwangaza wa rangi na punguza ukwaruzo wa uso, kwa kufuata kimo cha kila pikseli, yaani nukta ya picha, juu ya maji, mstari ukivunjwavunjwa na noizi kidogo. Kazi ya dakika ishirini. Nilipoitia, majabali yaliingia majini kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu na siku kadhaa.

Nyasi nitazipitia haraka, ingawa ndizo zinazowatisha wengi kwa wingi wake. Kompyuta haihitaji kubeba majani milioni. Nilichonga vishungi 12 vya nyasi, na programu ikavitawanya mara 40,000, ikihifadhi kwa kila nakala mahali pake, upande ilioelekea na ukubwa wake tu, huku umbo lenyewe likibaki moja kwenye kumbukumbu. Mashine yangu yenye gigabaiti 8 iliweza. Ugumu uko kwenye kujua wapi zisiote. Mvua inayolishukia jabali hutiririka hadi kwenye kitako chake, kwa hiyo nyasi za pale ni ndefu na za kijani kuliko za uwanjani, na mbuzi hawafiki ndani ya ufa. Kwenye uwanja zikatwe hadi zikaribie udongo, na pawe na njia ya miguu inayoteremka majini, kwa kuwa hakuna ufuko wa Mwanza usio na mtu anayekwenda kuchota au kufua. Jani moja likitazamwa huku jua likiwa nyuma yake huwaka rangi ya ndimu, na jua likiwa mgongoni mwako jani lile lile hufifia. Programu nyingi zina namba ya kupitisha mwanga, nayo wengi huiacha kwenye sifuri.

Neno la vitendo kwa wale mtakaotaka picha itembee. Sekunde 10 ni fremu 240, yaani picha 240 zinazofuatana, na kila fremu yangu ilichukua dakika 11 kurenda, yaani kuiachia kompyuta ihesabu mwanga hadi picha ikamilike. Hizo ni saa 44. Mara ya kwanza niliagiza itoke kama video moja, umeme ukakatika saa ya 31, na faili likafa lote. Toeni kila fremu kama picha yake peke yake. Umeme ukirudi, mnaanzia palipokatikia.

Nilipoona imekamilika, nilimpelekea mzee wangu mmoja, mjomba wa mama, ambaye amevua dagaa kwa taa katika ziwa hili tangu ujana wake. Nilimwekea kompyuta juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikangoja sifa. Alitazama mara mbili. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii ni saa ngapi?" Nikamwambia ni asubuhi, saa moja. Alinyoosha kidole kwenye vivuli, ambavyo kweli vilikuwa vinaelekea majini, jua likitokea nchi kavu. "Na upepo huu umetoka wapi?" Mawimbi yangu yalikuwa yanakuja ufukoni, na nyasi zote zimelalia upande wa nchi kavu. Huo ni upepo wa alasiri, ambao ziwa huuleta ardhi ikishapata joto. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, ndio mabaharia wa pwani huuita umande. Maji ya karibu na mawe yanakuwa yametulia chini ya kivuli cha upepo, na viwimbi huanza mbali kidogo, vikituondokea. "Kwa upepo huu wako," alisema, "sisi tungekuwa tumeshalala."

Nilirudi nyumbani, nikageuza mshale mmoja wa upepo nyuzi 180, nikalaza nyasi upande wa pili, nikatuliza maji ya karibu, na nikarenda upya kwa saa 44 nyingine. Hiyo ndiyo mtakayoiona sasa. Sijampelekea bado, nitampelekea Jumamosi. Naomba taa za mbele zizimwe.